Streptokoka vamizi kwenye takwimu za nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikitoka habari ya "bakteria mla nyama" maswali ni yaleyale, watu wanatishika, alafu mtu anachukua namba ya nchi moja anailinganisha na ya nchi nyingine na kutoa hitimisho ambalo halipo. Haya hapa majibu, mengine marefu mengine mafupi.

Kwanza kabisa, streptokoka vamizi ndio nini?

Streptokoka ni ukoo mkubwa wa bakteria, kwenye hadubini wanaonekana wamefuatana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Anayeongelewa sana hapa ni wa kundi A, jina la kisayansi Streptococcus pyogenes. Huyu wengi wetu tumeshakutana naye bila kujua, koo linauma kumeza hata mate, tonsili zina usaha, au mtoto ana vidonda vya ngozi vinavyotoa maji na kufanya gaga la njano. Hapo bado hajawa vamizi. Anaitwa vamizi akikutwa sehemu ya mwili ambayo kwa kawaida haina kimelea chochote: kwenye damu, maji ya uti wa mgongo, ndani ya maungio, kwenye uwazi unaozunguka mapafu, au ndani kabisa kwenye nyama. Nchi nyingi zinamhesabu pia mgonjwa ambaye bakteria ametoka kwenye koo au kidonda tu, ila hali yake ni mbaya sana, yaani ana shoki inayoletwa na sumu ya bakteria (presha inaanguka na viungo vinaanza kushindwa kazi) au nyama inaoza, na hapo ndipo lilipotoka lile jina la "mla nyama".

Kwa hiyo ukisikia "wagonjwa wa streptokoka wameongezeka" uliza kwanza, wa koo au wa damu? Maana wa koo ni mamilioni.

Na makundi B, C, G yanaingia wapi?

Mpangilio wa herufi ulitoka kwa Rebecca Lancefield, mtaalamu wa bakteria wa Marekani, mwaka 1933. Kundi B ndilo linalosumbua sana watoto wachanga, wataalamu wanagawanya ugonjwa wa siku 0 hadi 6 na ule wa siku 7 hadi 89 kwa sababu njia za kuambukizwa hazifanani, wa mwanzo mtoto anaupata kwa mama kabla au wakati wa kuzaliwa. C na G wanapatikana zaidi kwa wazee wenye magonjwa mengine. Yule wa nimonia, numokoka, naye ni streptokoka lakini anahesabiwa kivyake na ana chanjo zake. Hapa chini nikisema streptokoka bila kutaja herufi, namaanisha A.

Duniani wanaugua wangapi?

Namba inayotajwa mpaka leo ni makadirio yaliyochapishwa 2005: wagonjwa wapya vamizi 663,000 kwa mwaka na vifo 163,000. Makadirio hayohayo yalisema maambukizi ya koo ni kama milioni 616 kwa mwaka. Ukigawanya haraka haraka unapata mgonjwa vamizi mmoja kwa kila koo 900 na kitu, ila usiende kumwambia mtu kwamba koo moja kati ya 900 inageuka kuwa vamizi, haiko hivyo. Wengi bakteria anawaingilia kwenye ngozi, mkwaruzo, kidonda cha upasuaji, tetekuwanga, na kwa wale wenye shoki ya sumu karibu nusu mlango alioingilia hauonekani kabisa. Na tena ni namba kongwe, sehemu kubwa ya dunia ilikuwa haina takwimu, ikabidi ijazwe kwa kukadiria kutoka kwa nchi chache zilizokuwa nazo.

Nchi inaipataje hiyo namba ya wagonjwa?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aanze nalo. Mpaka mgonjwa mmoja aonekane kwenye ripoti ya taifa inabidi mambo mengi yaende sawa kwa kufuatana: afike hospitali akiwa hai, daktari ahisi kuna maambukizi kwenye damu, damu itolewe kabla hajaanza antibaiotiki (akishapewa penisilini hata dozi moja, maabara inaweza isione kitu), kuwe na maabara ya kuotesha bakteria na sio hadubini tu, mtu wa maabara aitambue kwamba ni kundi A, ajaze fomu, fomu ifike, alafu mtu wa takwimu aondoe majina yaliyojirudia maana mgonjwa mmoja anaweza kuwa na sampuli tatu. Kila hatua kuna watu wanadondoka. Wanaobaki mwishoni ndio tunawaita "wagonjwa wa nchi nzima".

Nchi nazo zimechagua njia tofauti. Uingereza kwa upande wa England ni lazima kuripoti ugonjwa huu tangu 2010. Australia imeuweka kwenye orodha ya taifa ya magonjwa ya kuripotiwa Julai 2021 tu, kwa hiyo grafu ya taifa ya Australia ni fupi, ukiona imeanza juu usidhani ugonjwa ulizaliwa mwaka huo. Japani tangu 1999 inataka madaktari waripoti ndani ya siku 7, lakini inachoripotiwa ni shoki ya sumu peke yake, yaani ile kali kabisa, mwenye bakteria kwenye damu bila shoki hayupo kwenye hesabu. Marekani wao wanafuatilia kwa undani kwenye maeneo ya majimbo 10 kupitia CDC, taasisi yao ya taifa ya kudhibiti magonjwa, wanazifuata maabara wenyewe badala ya kusubiri ripoti, kisha wanakadiria nchi nzima.

Sasa mtu anachukua wagonjwa 941 wa Japani wa mwaka 2023 anawaweka kwenye jedwali moja na wagonjwa wa England, anasema Japani wako salama kuliko England. Hapana jamani, hivyo ni vitu viwili tofauti vimepewa safu moja.

"Kwa kila watu 100,000" inapigwaje na kwa nini wasiseme idadi tu?

Chukua wagonjwa wapya wa mwaka mzima, gawanya kwa idadi ya watu ya katikati ya mwaka, zidisha kwa 100,000. Mfano wa kujitungia: nchi ina watu milioni 50, wagonjwa 1,500, unapata 3 kwa kila 100,000. Nchi tajiri zenye maabara nzuri kwa miaka mingi zilikuwa zinacheza kwenye 2 hadi 4 hivi.

Idadi tupu haikusaidii kwa sababu nchi inakua na inazeeka. Ugonjwa huu unawapiga zaidi wazee na watoto wadogo, kwa hiyo nchi yenye wazee wengi itaonekana mbaya hata kama kwa kila rika hali ni ileile. Ndio maana wanarekebisha kwa umri kabla ya kulinganisha, na ripoti isiyosema kama imerekebisha au la mimi naisoma kwa jicho moja.

Kitu kingine ni udogo wa namba. Wilaya ya watu 80,000 ikipata mgonjwa mmoja mwaka huu na watatu mwakani, gazeti litaandika "ugonjwa waongezeka mara tatu". Kihesabu ni kweli, lakini hiyo ni bahati tu inacheza, wilaya jirani labda imeshuka kutoka watatu hadi mmoja na hakuna aliyeandika.

Pia angalia mwaka unaanzia wapi. Nchi za kaskazini ugonjwa unapanda majira ya baridi na mwanzo wa majira ya kuchipua, ukikata Desemba 31 unakata mlima katikati, kwa hiyo England wanahesabu msimu kuanzia Septemba.

Mbona baada ya Covid namba ziliruka?

Ziliruka kweli, sio magazeti tu. Mwaka 2020 na 2021 ugonjwa ulishuka sana sehemu nyingi, watu walikuwa ndani, shule zimefungwa, barakoa, na bakteria huyu anasafiri kwa matone ya mate na kugusana. Kufika 2022 Uholanzi ikaanza kuona watoto wengi kuliko kawaida, na tarehe 15 Desemba 2022 WHO ikatoa taarifa kwamba Ufaransa, Ireland, Uholanzi, Sweden na Uingereza zote zinaona ongezeko, hasa watoto chini ya miaka 10. England kilele kilikuja Desemba wakati kwa kawaida kinakuja baadaye kwenye msimu, na hapo ndipo hata amoksilini ya maji ya watoto ikawa shida kupatikana madukani kwa sababu kila mzazi mwenye mtoto anayelia koo anaitafuta. Japani walichelewa kidogo, 2023 wakavunja rekodi kwa hizo 941, na 2024 kufika mwanzo wa Juni tu walikuwa wameshapita, 977.

Sababu? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kulikuwa na kundi kubwa la watoto ambao kwa miaka miwili hawakukutana na bakteria, wote wakakutana naye kwa pamoja, na wakati huohuo virusi vya mafua na vya kifua vimerudi kwa nguvu. Virusi vikiharibu ukuta wa njia ya hewa streptokoka anapita kirahisi, na hili la mafua kumfungulia njia linajulikana tangu zamani. Tetekuwanga nayo hivyohivyo, kila kipele ni mlango, ndio maana chanjo ya tetekuwanga inapunguza pia streptokoka vamizi kwa watoto.

Ila maelezo ya Covid hayatoshi peke yake na hapa napenda kubisha kidogo. Angalia Marekani: kwenye yale majimbo 10 kiwango kilikuwa 3.6 kwa kila 100,000 mwaka 2013 na kikafika 8.2 mwaka 2022. Kupanda kulianza miaka mingi kabla ya Covid. Waliokuwa wanaongezeka sana ni watu wazima, watu wasio na makazi, wanaojidunga dawa za kulevya, wazee wanaoishi kwenye vituo vya kulelea. Huko huwezi kulaumu barakoa. Hapo ni umaskini, vidonda visivyotibiwa, kisukari, unene, watu kubanana. Kwa hiyo ukisikia mtu ana sababu moja ya dunia nzima, mwulize anaongelea nchi ipi na rika lipi.

M1UK ni nini, ni bakteria mpya?

Streptokoka kundi A wana protini juu ya mwili wao inaitwa M, na kwa kusoma jeni yake, inaitwa emm, maabara zinawagawa katika aina zaidi ya 200. Aina ya 1 siku zote imekuwa mbabe kwenye ugonjwa vamizi. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza wakaeleza tawi la aina hiyo, ndilo M1UK, ambalo jenomu yake (maandishi yake yote ya kurithi) imetofautiana na wenzake kwa herufi 27 tu, lakini linatengeneza sumu ya SpeA kwa wingi zaidi, ile inayohusika na homa ya vipele vyekundu. Lilikuwa limeshaanza kutawala England kabla ya Covid, homa ya vipele vyekundu ilikuwa imepanda tangu 2014 na watu walikuwa wanajiuliza kwa nini. Baadaye likaonekana Uholanzi, Denmark, Australia, Japani na kwingine.

Je, ndilo lililosababisha 2022? Lilichangia, ila aina ya 12 nayo ilikuwepo kwa wingi, na hakuna nchi ambayo aina moja ilibeba mzigo wote.

Nani yuko hatarini zaidi?

Ukichora grafu kwa umri inakaa kama herufi U, juu kwa watoto wachanga, chini kwa vijana, inapanda tena kuanzia miaka 65 na kuendelea. Hata ule msimu wa 2022 ambao habari zote zilikuwa za watoto (na haki yao, kifo cha mtoto kinauma), wengi wa waliokufa walikuwa wazee. Wengine ni wenye kisukari, saratani, magonjwa ya moyo, vidonda vya ngozi visivyopona, walevi wa kupindukia, wanaojidunga. Watu wa asili wa Australia na wenyeji wa asili wa Marekani wana viwango vya juu kuliko wananchi wenzao, na hilo linafuata nyumba na huduma za afya kuliko kitu kingine chochote.

Mama aliyejifungua juzijuzi ni kundi la peke yake. Utafiti wa Marekani ulikuta hatari yake ni kama mara 20 ya mwanamke ambaye hana mimba. Ndio ule ugonjwa wa uzazi uliomfanya daktari Semmelweis kule Vienna mwaka 1847 awaambie madaktari waoshe mikono kwa maji ya klorini, vifo vikashuka, na wenzake wengi bado wakamkatalia. Homa baada ya kujifungua haisubiriwi ipite yenyewe.

Wanakufa wangapi?

Kwa jumla kwenye nchi zenye hospitali nzuri inakuwa mtu mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo. Marekani, kwenye yale majimbo 10, kwa miaka 10 hiyo ya 2013 hadi 2022 walihesabu wagonjwa 21,312 na vifo 1,981, kama 9%. Lakini wastani unaficha: mwenye nyama inayooza anaweza kufa hadi mmoja kati ya watano, mwenye shoki ya sumu ni watatu kati ya kumi na sehemu nyingine zaidi ya hapo. Alafu ukiona ripoti, soma kama wanahesabu kifo cha ndani ya siku 30 au mpaka atoke hospitali au kifo ambacho cheti kimetaja streptokoka, maana namba zinabadilika sana.

Na kuna mtego: nchi ambayo inapima wale waliozidiwa tu itakuwa na asilimia kubwa ya vifo, kwa sababu wale wepesi hawakuonekana. Ikianza kupima wengi asilimia inashuka, bila kwamba kuna mtu amepona zaidi.

Mbona nchi nyingi za Afrika hazimo kwenye orodha, hakuna ugonjwa?

Upo, na pengine ni mwingi kuliko Ulaya. Ushahidi mzuri umetoka Kilifi, Kenya, ambako kwa miaka mingi kila mtoto anayelazwa hospitali ya kaunti damu yake inaoteshwa, awe anahisiwa ana bakteria au la. Waliangalia watoto 64,741 waliolazwa kati ya 1998 na 2011 wakakuta 370 wenye streptokoka vamizi. Ukitafsiri kwa kiwango inakuwa 35 kwa kila 100,000 kwa walio chini ya miaka 5, na kwa walio chini ya mwaka mmoja ni 101. Waliofariki 12%. Wengi waliingiliwa kwenye ngozi, sio kooni.

Sasa jiulize, hospitali yenye watoto wa aina hiyohiyo lakini haioteshi damu ingeripoti wangapi? Sifuri. Na hiyo sifuri ndiyo inayopanda mpaka kwenye ramani ya dunia ikiwa imepakwa rangi nyeupe, mtu anaangalia anasema kule hamna shida.

Penisilini bado inafanya kazi?

Ndiyo. Pamoja na kutumika tangu miaka ya 1940, inaendelea kuwa dawa ya kwanza. Kwa mgonjwa mahututi wanaongeza klindamaisini kwa sababu inazuia bakteria kutengeneza sumu, na nyama iliyooza inakatwa, dripu peke yake haifiki huko. Usugu upo kwa dawa za jamii ya erithromaisini na klindamaisini, na hilo ndilo la kufuatilia kwenye ripoti za maabara.

Ndugu yangu amelazwa nayo, sisi wa nyumbani tutaugua?

Uwezekano ni mdogo ila ni mkubwa kuliko wa mtu wa mtaani. Kule Ontario, Kanada, miaka ya 1990 walipata kama watu 3 kwa kila 1,000 wanaoishi na mgonjwa, na hata hiyo ilitokana na wagonjwa wachache sana. Kwa sababu hiyo nchi hazikubaliani nani apewe dawa ya kinga, England inalenga wenye hatari kubwa kama wazee wa miaka 75 na zaidi, wajawazito wa mwishoni, waliojifungua karibuni, wachanga na wenye tetekuwanga. Wengine wanaelezwa dalili na kuambiwa wawe macho kwa siku 30: homa kali, maumivu makubwa kuliko kidonda kinavyoonekana, wekundu unaosambaa haraka, kuchanganyikiwa, kupumua haraka, mtoto kulegea. Ukiona hivyo nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Chanjo iko wapi?

Hakuna iliyoidhinishwa popote. Kazi ilikwama zamani: mwaka 1969 ilichapishwa taarifa ya watoto waliopata homa ya rumatiki (inayoshambulia moyo na maungio) baada ya kupewa chanjo ya majaribio, watu wakaogopa, na 1979 Marekani ikapiga marufuku bakteria huyu kutumika kwenye chanjo, marufuku iliyokaa zaidi ya miaka 25. WHO ilitoa mwongozo wa kuharakisha chanjo mwaka 2018.

Tatizo la kisayansi ni zile aina. Chanjo mojawapo inayofanyiwa kazi imebeba vipande vya protini M ya aina 30, ambazo zinafunika sehemu kubwa ya ugonjwa wa Marekani na Ulaya kwa sababu kule aina chache ndizo zinatawala. Kule Kilifi kwa wagonjwa 370 walikuta aina 88. Wanaoitetea wanasema kinga ya aina moja inaweza kuvuka kwenda kwa ndugu zake, na kuna ushahidi wa maabara wa hilo, lakini timu nyingine zimeamua kuachana na M, zinatafuta protini ambazo kila streptokoka wa kundi A anazo.